Kudungua setilaiti au kuiacha ianguke: hesabu iliyopigwa 2008

Tarehe 20 Februari 2008, kwa saa za Marekani, manowari USS Lake Erie ilifyatua kombora aina ya SM-3 kutoka bahari ya Pasifiki, kaskazini-magharibi mwa Hawaii. Shabaha yake ilikuwa setilaiti ya kijasusi ya Marekani yenyewe, USA-193, iliyokuwa imeharibika na inakaribia kuanguka. Dakika chache baadaye vilikutana kilomita 247 juu ya bahari. Kombora halikuwa na baruti kichwani wala halikuihitaji, kwa sababu vyombo vile viwili vilikaribiana kwa kasi ya karibu kilomita 10 kwa sekunde, na kwa kasi hiyo mgongano peke yake unatosha kusambaratisha chombo.

Miaka mingi imepita, lakini kila inapotangazwa kwamba setilaiti fulani inaporomoka, watu huuliza upya: kwa nini wasiidungue tu, kama Wamarekani walivyofanya? Swali hilo lina haki ya kujibiwa vizuri, maana pande zote mbili za mjadala ule zilikuwa na hoja nzito.

USA-193 ilirushwa Desemba 14, 2006 kutoka kituo cha Vandenberg, California, na muda mfupi baada ya kufika angani ikapoteza mawasiliano. Ukabaki mzigo wa takriban tani 2.3 usiosikia amri ya mtu, unaoshuka kidogo kidogo. Ndani yake mlikuwa na tanki la titani lenye takriban kilo 450 za haidrazini, mafuta ya vinjini vidogo ambavyo setilaiti hutumia kurekebisha njia yake. Haidrazini ni sumu. Mvuke wake huunguza macho, koo na mapafu, na mtu akiuvuta kwa wingi anaweza kufa. Kwa kawaida setilaiti hutumia umeme wake kuyapasha moto mafuta haya yasigande, kwa kuwa huganda kwenye nyuzi 2 hivi za Selsiasi. Hii haikuwa na umeme, kwa hiyo mafuta yote yaligeuka barafu ndani ya tanki.

Mvutano wote ulikuwa juu ya barafu hiyo. Setilaiti inapoingia kwenye angahewa nzito, msuguano huipasha moto hadi sehemu nyingi zikayeyuka na kuteketea. Titani ni sugu kwa joto, na vitu vizito vilivyofichwa katikati ya chombo hukingwa kwa muda na vile vinavyovizunguka. Serikali ya Marekani ilisema tanki hili, likiwa na barafu inayofyonza joto kutoka ndani, lingefika ardhini likiwa zima. Tarehe 14 Februari Jenerali James Cartwright na mkuu wa NASA (shirika la anga za juu la Marekani), Michael Griffin, walijitokeza mbele ya waandishi wa habari kueleza uamuzi wa Rais Bush. Cartwright alisema tanki likipasuka ardhini, gesi ingeweza kuenea eneo la ukubwa wa viwanja viwili hivi vya mpira, na aliye karibu kabisa angekuwa hatarini kupoteza maisha. Walikuwa na mfano wa kuonyesha: chombo cha wanaanga cha Columbia kilipovunjika mwaka 2003, tanki la haidrazini liliokotwa Texas likiwa halijateketea.

Wapo wanaosema dunia ni kubwa, bahari imechukua sehemu kubwa ya uso wake, na nafasi ya tanki moja kumwangukia mtu ni finyu mno. Ni kweli. Lakini mtetezi wa udunguaji ana jibu ambalo siwezi kulipuuza: uwezekano mdogo si sababu ya kukaa mikono mitupu ukiwa na njia ya kuupunguza zaidi kwa gharama ndogo. Na gharama ya angani hapa ilikuwa ndogo kweli. Setilaiti ilipigwa chini sana, mahali ambapo angahewa bado ina nguvu ya kuvuta vipande chini. Vingi vilianguka na kuteketea ndani ya wiki chache, na vilivyosalia vikaisha kabla ya mwisho wa mwaka 2009. Walisubiri hata chombo cha Atlantis kirudi na wanaanga wake ndipo wafyatue. Linganisha na China, ambayo Januari 11, 2007 ilidungua setilaiti yake kuukuu ya hali ya hewa, Fengyun-1C, kwenye kimo cha kilomita 865 hivi. Tukio lile lilizalisha zaidi ya vipande 3,000 vikubwa vya kutosha kufuatiliwa na rada, na vingi kati ya hivyo viliendelea kuzunguka dunia miaka mingi baadaye. Anayeyaweka matukio haya mawili kwenye kapu moja kwa upande wa uchafuzi haitendei haki hoja.

Upande wa pili nao uliingia kwenye barafu ileile. Mwanafizikia Yousaf Butt, aliyechambua utafiti wa NASA kuhusu tanki hilo, alidai kuwa hesabu zilirahisishwa kupita kiasi na kwamba udunguaji haukuwa wa lazima. Wakosoaji walitaja mambo ambayo hata asiye mhandisi anaweza kuyafuata. Tanki halikuwa mpira uliofungwa pande zote. Lilikuwa na mabomba yanayopeleka mafuta kwenye injini, na chombo kinapovunjika mabomba hukatika na kuacha matundu. Barafu haiyeyuki kwa usawa. Pembeni hugeuka kimiminika na mvuke, shinikizo likapanda, na wakati huohuo chombo kinapunguzwa mwendo kwa nguvu kubwa, kiasi kwamba bonge la barafu linagonga ukuta wa tanki kutoka ndani. Kwa maoni yao tanki lingepasuka juu sana, na sumu ingetawanyika hewani kabla ya kumfikia mtu yeyote.

Kuhusu ubishi huo wa kihandisi, nadhani hakuna aliyeshinda kabisa. Tanki la Columbia lilithibitisha kwamba titani hufika chini. Halikuthibitisha kwamba tanki lililojaa barafu lingefika na mzigo wake. Hoja inayonielemea zaidi ni nyingine. Aliyepiga hesabu ndiye aliyekuwa na setilaiti, ndiye aliyekuwa na kombora, na ndiye aliyekuwa na faida ya kulijaribu. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Mwaka mmoja tu ulikuwa umepita tangu China ionyeshe uwezo wake, na SM-3 lilikuwa limeundwa kuzuia makombora ya adui, si kudungua setilaiti. Ilibidi programu zake za kompyuta zibadilishwe kwa ajili ya kazi hii. Urusi ilisema hadharani kwamba habari ya sumu ni kisingizio cha jaribio la silaha. Wengine walihisi Marekani inaogopa vifaa vyake vya siri kuokotwa na mahasimu. Marekani ilikanusha yote mawili. Kwa haki, ilitangaza mpango mapema na kuziarifu serikali nyingine, jambo ambalo China haikulifanya. Lakini kutangaza uamuzi si sawa na kuonyesha hesabu. Mtu wa nje hakuwa na njia ya kuikagua kabla kombora halijaruka.

Kisha kuna kile kilichotokea baadaye, au tuseme ambacho hakikutokea. Novemba 2011 Urusi ilirusha chombo cha Phobos-Grunt kwenda kwenye mwezi wa sayari ya Mirihi, kikakwama kwenye mzingo wa dunia. Kilikuwa na takriban tani 11 za mafuta yenye sumu, zaidi ya mara 20 ya kilichokuwamo ndani ya USA-193. Hakuna aliyekidungua. Wataalamu walieleza kwamba matanki yake yalikuwa ya alumini, ambayo huyeyuka mapema kuliko titani, na Januari 15, 2012 kikaanguka Pasifiki upande wa Chile. Tofauti ya metali ni sababu halali, siibezi. Inachoonyesha ni kwamba uzito wa sumu peke yake hauamui lolote. Kinachoamua ni umbo la tanki, metali yake na hali ya mafuta, yaani mambo ambayo mwenye chombo peke yake ndiye anayeyajua.

Na mlango uliofunguliwa haukufungika kwa urahisi. India ilidungua setilaiti yake Machi 27, 2019, nayo ikasisitiza kwamba imepiga chini ili vipande vianguke upesi. Novemba 15, 2021 Urusi ikaivunja Kosmos-1408, ikazalisha vipande zaidi ya 1,500, na wanaanga wa Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, Warusi wakiwamo, wakalazimika kujihifadhi kwenye vyombo vyao vya kurudia duniani. Siwezi kusema USA-193 ndiyo iliyosababisha haya. Ila ni vigumu kumkemea mwenzako kwa jambo ambalo umelifanya kwa jina la usalama. Aprili 2022 Marekani yenyewe iliahidi kutofanya tena majaribio ya kuvunja setilaiti kwa kombora, na Desemba mwaka huo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio la kuunga mkono ahadi kama hiyo kwa kura 155 dhidi ya 9.

Kwa hiyo kuacha ianguke ndilo jibu? Hapana, si kwa kila chombo. Januari 24, 1978 setilaiti ya Kisovieti Kosmos-954, iliyokuwa ikiendeshwa kwa kinu cha nyuklia, ilianguka kaskazini mwa Kanada na kutawanya vipande vyenye mionzi kwenye eneo kubwa lenye theluji. Kanada na Marekani walitafuta kwa miezi kadhaa. Kanada ilidai zaidi ya dola milioni 6 za Kanada, na mwaka 1981 ikakubali kulipwa milioni 3. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972 unasema wazi kwamba nchi iliyorusha chombo inawajibika kikamilifu kwa madhara yake ardhini, hata kama haikuzembea. Ila fidia hudaiwa na serikali kwa serikali, na huja baada ya madhara. Mtu aliyevuta haidrazini hasaidiwi na hundi ya miaka mitatu baadaye.

Wala huwezi kuwaonya watu wahame. Setilaiti inayoporomoka husafiri takriban kilomita 28,000 kwa saa. Ukikosea saa moja tu katika kukadiria wakati wa kuanguka, umekosea kwa zaidi ya nusu ya mzunguko wa dunia. Jua likichachamaa angahewa ya juu huvimba na kuvuta chombo chini upesi zaidi. Chombo nacho kikibingirika, msuguano wa hewa hubadilika kila dakika. Ndiyo maana hata siku yenyewe ya kuanguka, makadirio bado huwa na nafasi ya saa kadhaa mbele na nyuma. Na njia ya USA-193, kama ya karibu kila setilaiti ya aina yake, ilivuka ikweta kila mzunguko. Nairobi, Kampala, Kisangani na Dar es Salaam zote zilikuwa chini ya njia hiyo sawa na Texas.

Wakazi wa Mukuku, kaunti ya Makueni, wanalijua jambo hili kwa macho. Alasiri ya Desemba 30, 2024 pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 hivi na uzito wa kilo 500 ilianguka kijijini kwao. Hakuna aliyeumia. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilifika, likaizingira na kuichukua, likaeleza kuwa inaonekana ni pete ya kutenganisha sehemu za roketi, ambayo kwa kawaida ilitarajiwa iteketee angani au ianguke baharini. Watu walikwenda kuitazama mapema, kama ambavyo mtu yeyote angefanya. Kama badala ya pete lingekuwa tanki, nani pale kijijini alikuwa na namna ya kujua kwamba hapaswi kusogea?

Ndiyo maana naona mjadala wa dungua au usidungue unaanza umechelewa. Kama ningelazimika kuchagua kwa USA-193 peke yake, ningesema ufyatuaji ule ulikuwa na madhara machache kuliko wapinzani walivyohofia na ulazima mdogo kuliko serikali ilivyodai. Lakini njia bora zipo na zimejaribiwa. Mwaka 2001 Urusi ilikielekeza kituo chake cha anga cha Mir kikaanguka Pasifiki ya kusini. Julai 2023 wahandisi wa Ulaya waliishusha setilaiti ya Aeolus kwa hatua, ingawa haikuundwa kwa kazi hiyo, ikaingilia angahewa juu ya Antaktika. Njia hizi zinataka chombo kinachosikia amri na mafuta yaliyobaki. Kwa kile kinachokufa ghafla, tegemeo ni jinsi kilivyoundwa: tanki linaloyeyuka mapema badala ya titani, au vali inayofunguka yenyewe umeme ukikatika.

Na kwa pale ambapo hata hayo yameshindikana, wenye kukaa chini ya njia wajue kinachokuja. Baada ya Kosmos-954, Umoja wa Mataifa ulipitisha mwaka 1992 kanuni zinazoitaka nchi yenye chombo cha nyuklia kinachoanguka iwaarifu wengine kuhusu mafuta yaliyomo na vipande vinavyoweza kufika ardhini. Kanuni hizo hazigusi sumu isiyo ya mionzi. Mkataba wa kusajili vyombo vya angani, ulioanza kutumika 1976, unadai tarehe ya kurushwa, vipimo vya mzingo na kazi ya chombo kwa jumla. Hauulizi chochote kuhusu mafuta. Kenya ilirusha setilaiti yake Taifa-1 Aprili 2023, Uganda na Rwanda nazo zimerusha zao, kwa hiyo kanda hii inaweza kuja na pendekezo ikiwa nayo ni mmiliki: fomu ya usajili iongezewe aina na kiasi cha mafuta, metali ya tanki, na sehemu zinazotarajiwa kusalimika, na taarifa hizo zifikishwe kwa mashirika ya anga na vikosi vya maafa vya kila nchi iliyo chini ya njia mara chombo kinapotoka kwenye udhibiti.