Tangu 1906, Jamani

Kwa kuwa rafiki yangu ameshawasimulia nilivyoaibika nikitafuta umri wa mashua yangu kuukuu, tena anadai nililia, acheni niseme mwenyewe. Sikulia. Vumbi la rangi liliniingia machoni.

Mashua mnaijua, ileile ninayoikwangua mpaka mmechoka kuisikia. Nilikuwa chali chini ya sitaha, tochi mdomoni, msasa mkononi, tarakimu zikajitokeza uvunguni mwa boriti: 1906. Nikapiga ukelele, tochi ikanidondokea puani.

Basi nikageuka mwanahistoria. Nikapekua rejista ya yoti ya Lloyd's, yaani orodha ya mashua za starehe, ile iliyochapishwa kuanzia 1878 hadi 1980, nikakuta yoti yenye jina kama la kwangu. Ilizidi urefu kwa futi nne. Nikajiambia mbao husinyaa. (Msicheke. Mapenzi hayana futi kamba.) Nikaandika tezini, yaani nyuma ya mashua, kwa rangi ya dhahabu: TANGU 1906. Kisha nikaita watu.

Fundi mzee akaingia nami chini ya sitaha, wengine wakichungulia kwa juu. Nikalala chali, nikaeleza kwa sauti ya mtembeza wageni. Fundi kimya. Akapapasa skrubu kwenye boriti, yenye kichwa cha msalaba.

"Hizi zimeenea miaka ya 1930."

"Labda zilibadilishwa, mzee."

"Labda." Akanyamaza tena. Halafu, polepole: "Kijana, kichwa umekilaza upande gani?"

"Wa omo, mbele."

"Geuka. Kilaze tezi."

Kugeuka mle si mchezo. Goti likagonga boriti. Nikavuta kiwiko, shati likanasa kwenye msumari, likachanika toka kwapani hadi kiunoni, na mlio huo kila mtu aliusikia. Nikatulia. Nikainua tochi.

9061.

"Alama ya muuza mbao," akasema fundi, kwa huruma iliyoniumiza kuliko goti.

Cheko la kwanza nalijua lilitoka kwa nani. Ndiye huyo msimulizi wenu.

Jana tumeng'oa mlingoti, chini yake tukakuta sarafu, ile ya bahati wanayoifichaga mafundi. 1961. Nimeigeuza juu chini: bado 1961! Nikakimbilia brashi. Fundi akanidaka mkono, akasema sarafu inatuambia tu mlingoti haukusimikwa kabla ya mwaka huo. Umri wa mashua haiujui.

Tezi nimeipaka nyeupe mikono mitatu. Jua likipiga, 1906 bado inasomeka.