Daraja la kona: mihimili isimame wima lini?

Daraja la chuma lililokata kona likishaisha linaonekana limetulia kabisa, lakini muulize fundi aliyelisimika, atakwambia presha yote ilikuwa kabla zege halijamwagwa, pale juu kuna mihimili miwili mitatu tu na kreni bado imeshika. Na kuna bishano moja la wahandisi kuhusu hatua hiyo ambalo haliishi, nami nina upande wangu, ila tuanze na tatizo lenyewe.

Mhimili ulionyooka ukiulaza juu ya nguzo mbili, uzito wake uko kwenye mstari unaounganisha hizo nguzo. Uliopinda hauko hivyo. Chukua spani, yaani umbali wa nguzo hadi nguzo, ya mita 60 kwenye kona yenye nusukipenyo cha mita 300, piga hesabu: katikati mhimili umetoka nje ya mstari wa nguzo kwa mita 1.5, na kitovu cha uzito wake kiko nje kwa kama mita 1 hivi. Sasa flenji yenyewe, lile bapa la juu na la chini la mhimili, mara nyingi haifiki hata upana huo, kwa hiyo ukiuachia peke yake unalala upande wa nje, hapo hakuna mjadala. Ndo maana wanainyanyua ikiwa imeshafungwa miwili miwili, au kreni inabaki imeshika mpaka mwenzake aje wafungwe pamoja, au wanasimamisha minara ya muda chini yake.

Kinachoifunga ni zile fremu za kati, vyuma vya mlalo na mshazari kati ya mhimili na mhimili. Kwenye daraja lililonyooka hizi ni wasaidizi tu, kwenye kona ndo zinabeba kazi, maana msokoto wote unapitia humo, uzito unahama kwenda mhimili wa nje, ule wa ndani unapunguziwa mzigo mpaka saa nyingine unataka kunyanyuka kwenye beringi yake, yaani kile kikalio chake juu ya nguzo. Legeza fremu chache saiti ili kazi iende haraka halafu uone.

Sasa bishano. Mzigo ukikaa, mhimili wa nje unashuka zaidi kuliko wa ndani, na kwa kuwa wamefungwa pamoja, wote wanainama kidogo kuelekea nje. Swali ni fremu zikatwe kiwandani kwa vipimo vya hali ipi. Kuna wanaosema zikatwe kwa hali ya kutokuwa na mzigo wowote, yaani kila kitu kinakaa sawa kama vile uzito haupo, boliti zinaingia bila kulazimishwa, na chuma hakibaki na nguvu zilizofungiwa ndani yake. Wengine wanasema hapana, zikatwe ili mihimili isimame wima baada ya uzito wa chuma chenyewe kukaa, ndo hali utakayoiona kabla ya zege.

Hoja ya hawa wa pili si ya kudharau. Njia ya kwanza inataka mihimili ishikiliwe kweli isishuke wakati wa kufunga, hiyo maana yake ni minara ya muda au kreni za ziada, na kama chini kuna mto au barabara yenye magari, minara utaisimamisha wapi? Halafu ukishamaliza mihimili inabaki imeinama, mkaguzi anakuja na pima maji anauliza mbona haiko wima, unaanza kujieleza. Kuinama huko kwa kawaida ni kudogo na hakupunguzi nguvu ya maana, beringi tu zipangiwe kuzunguka kiasi hicho, lakini jamani jicho la mwenye mradi nalo lina uzito wake.

Ila kuna jambo watu waliozoea madaraja yaliyonyooka ambayo safu za nguzo zinakata barabara kwa mshazari wanalisahau. Kule ukilazimisha fremu ziingie, nguvu unazozifungia ndani huwa zinapingana na zile za mzigo, kwa hiyo zinakusaidia. Kwenye kona zinajumlishana! Mhimili unausokota kuelekea ndani ili ukae wima baadaye, fremu inashikilia huo msokoto, halafu mzigo unakuja kuongeza kwenye fremu ile ile. Kadiri kona inavyokuwa kali na spani ndefu ndo jumla inavyokua, na vijana saiti wanakuwa na majeki na pini wakivuta matundu yakutane.

Kwa hiyo mimi: kona ya wastani, njia ya pili sawa tu, inafungika na haina gharama za ajabu, ila aliyebuni aziweke nguvu hizo kwenye hesabu ya fremu badala ya kujifanya hazipo. Kona kali kama ile ya mfano wangu, lipia minara. Na ile njia ya tatu, ya kukata fremu ili mihimili iwe wima baada ya zege pia, kwenye kona iachwe, hata miongozo ya Marekani inashauri ikwepwe, kwa sababu hapo unasokota chuma kwa mzigo ambao bado haujafika.

Kanuni za AASHTO, chama cha idara za barabara za majimbo ya Marekani, siku hizi zinataka hali ambayo fremu zinakatiwa iandikwe kwenye nyaraka za mkataba pale mpindo unapozidi kiwango fulani, mwanzo wa mpindo wa kuhesabika ukiwa spani gawa kwa nusukipenyo zaidi ya 0.03, na mfano wetu uko 0.2. Isipoandikwa, kiwanda kinachagua kinavyozoea, mkandarasi anapanga kreni zake kwa dhana nyingine, na wanakuja kugundua siku ambayo mhimili unaning'inia na matundu yamepishana.