Akiba Kwanza, Ubavu Baadaye

Sisi tunaocheza vita vya mezani kwa vinyago vya askari hapa Unguja tuna pupa ya ubavu, yaani kumzunguka adui na kumpiga pembeni. Askari hawajamaliza kupangwa, wapandafarasi washapelekwa pembeni, na waliobaki wote wamejazwa mstari wa mbele. Naupenda mchezo huu, ndiyo maana nasema wazi: huko ni kulitupa jeshi. Kikosi kilichoachwa nyuma bila kazi, yaani akiba, ndicho kinachoufanya ubavu upigike.

Chukueni vita vya Pharsalus, mwaka 48 K.K., kati ya majenerali wawili wa Kirumi, Caesar na Pompey. Kwa hesabu ya Caesar mwenyewe, Pompey alikuwa na wapandafarasi 7,000, yeye 1,000 tu. Pompey akawarundika upande mmoja ili wamzunguke. Caesar akaliona mapema, akachomoa askari wa miguu kutoka mstari wake wa tatu, akawaficha nyuma ya farasi wake. Farasi wa Pompey waliposonga, wakakuta mikuki inawaelekea usoni, wakatimua mbio. Waliofichwa wakapinda, wakaupiga ubavu wa Pompey uliobaki wazi. Akiba iliyozuia ndiyo hiyo hiyo iliyozunguka.

Mcheza bao hahitaji somo hili. Anaanza na kete 22 mkononi na sita kwenye nyumba, shimo lake kuu, na akiitawanya nyumba mapema kwa uchu wa kula kidogo, ataliwa yeye.

Tatizo la mezani ni kwamba tunaona kila kitu kutoka juu, na ukingo wa meza unamlindia mtu ubavu bure. Napendekeza meza pana na jeshi dogo. Kikosi cha kuzunguka kisiwekwe mezani kabisa: mchezaji aandike kabla ya kurusha dadu kitatokea upande gani na zamu ya ngapi, karatasi akae nayo mwamuzi. Katika Kriegsspiel, mchezo wa vita wa von Reisswitz, Prussia, 1824, mwamuzi alikuwepo na amri ziliandikwa.

Mimi huacha theluthi ya jeshi nyuma, mahali inapoweza kufika mbele kwa zamu mbili. Walio mbele kazi yao ni kumshika adui. Asiposhikwa, atageuka tu akutazame. Inauma kuwaona wanapukutika huku wenzao wamesimama, lakini vumilieni mpaka mpinzani atoe kikosi chake cha mwisho.

Isipokuwa mstari ukikaribia kukatika. Hapo msisubiri. Katika vita vya Waterloo, 1815, Napoleon alichelewa: aliiachia Gadi yake ya kati, sehemu ya kikosi chake teule, jioni, Waprusia washaingia ubavuni mwake katika kijiji cha Plancenoit, na sehemu ya akiba yake ishamalizikia huko.