Kajifunza Jumamosi, Jumapili kanibeba

Jamani watu wa Tanga, ni shule gani hiyo mtu anajifunza bodaboda jioni, asubuhi yake anabeba abiria? Maana mhitimu wake amenibeba mimi. Kutoka stendi ya Kange mpaka Makorora, roho mkononi. Kijana anabadilisha gia huku ameinama anautazama mguu, kama anatafuta shilingi iliyodondoka. Una leseni? "Nitakata tu, mama." Umejifunzia wapi? "Uwanjani, braza kanielekeza."

Kofia aliyonipa ina jasho la watu mia, mkanda umekatika. Sasa ya nini?

Na si kwamba sheria haipo! Pikipiki ina daraja lake la leseni, A. Kuna lena, yaani leseni ya kujifunzia, kuna darasa, kuna mtihani mbele ya trafiki, ndipo TRA, watu wa mapato, watoe kadi ya leseni. Mbona basi kila magharibi Ngamiani ni mishikaki: baba, mama, mtoto wa shule, na kiroba cha mkaa juu ya tenki?

Vijana nawatetea, lakini. Pikipiki ya mkataba, tajiri anataka hesabu yake kila jioni. Ada ya shule ya udereva aitoe wapi? Siku akiwa darasani, nyumbani wale nini?

Basi mafunzo yafuateni vijiweni! Leteni mkufunzi hapo Kange, pangeni koni, fundisheni breki. Akikamatwa asiye na leseni, apelekwe darasani. Mnamtoza faini, halafu anarudi barabarani vilevile, na mimi nyuma yake nimeshikilia kofia kwa mkono isipeperuke!