Kata Haijawahi Kuniandikia E1

Nina miaka 61, na 60 katika hiyo nimeoga kwa kata. Kata mnaijua: kifuu cha nazi na mpini wake. Unachota birikani, lile hodhi la maji la chooni, unajimwagia, unasema "uuuh" kama ni msimu wa kusi, unachota tena. Kata haina betri, haina regyuleta, haina kitabu cha maelezo. Ikipasuka, mnapika wali wa nazi, kifuu kingine kinapatikana. Hata birika lenyewe la chooni halimhitaji fundi. Ndani tumeweka visamaki vinavyokula viluwiluwi vya mbu, na mpaka leo hakuna kisamaki kilichoniambia nisubiri spea kutoka Mombasa.

Sasa nina boila.

Lilitoka kwa mkwe wangu aliyeko Leicester, Uingereza, huko alikompeleka binti yangu. Kazi yake ni kukarabati nyumba za watu, na katika nyumba moja wakang'oa chombo cha kupashia maji kwa gesi. Akaona ni kizima, akamkumbuka baba mkwe wake anayetetemeka Lamu. Likasafiri kwa kontena hadi Mombasa, kwa basi hadi Mokowe, kwa boti hadi gatini, kisha kwa punda hadi Langoni. Yule punda alipofika mlangoni petu aligeuza shingo akalitazama boila, halafu akanitazama mimi. Ningemsikiliza yule punda.

Mama Watoto alifurahi, lahaula! Kabla halijafunguliwa kwenye boksi, mtaa mzima ulikuwa na habari kwamba kwetu maji moto yatatoka ukutani. Wanawake walikuja kulitazama kama mtoto mchanga, wengine na udi wao. Na kata yangu, kata niliyooga nayo siku ya harusi yangu, akaisugua, akaipaka mafuta, akaipanga zidakani, kwenye vile vishubaka vya ukutani, pamoja na sahani za kale. Eti pambo. Nilijihisi ni mimi nimewekwa zidakani.

Mkwe akatuma sauti kwenye simu akieleza kwamba hili si boila kamili. Boila kamili la kwao lapasha moto na nyumba pia, maji yazunguka kwenye mabati ya ukutani mchana na usiku, kwa sababu huko baridi ni adui wa serikali na raia. Letu ni mdogo wake tu: maji yapita ndani ya bomba la shaba, moto wawaka chini yake, yatoka yakiwa moto. Basi. Rahisi.

Fundi wetu ni yule anayetengeneza injini za boti, redio na cherehani. Mara moja alimfunga mbuzi wangu mguu uliovunjika na mbuzi akapona, kwa hiyo nina imani naye. Akalipachika boila chooni, karibu na shawa, akamaliza kwa saa mbili. Nikamuuliza lile bomba la moshi lililokuja ndani ya boksi ni la kazi gani. Akacheka. "Mzee, hii ni gesi, si kuni. Gesi haina moshi." Lile bomba akaenda nalo, na nasikia sasa ni mfereji wa maji ya mvua nyumbani kwake. Hilo la moshi liwekeni akilini.

Jioni nikaingia kuoga. Nikafungua bomba. Boila likanyamaza. Nikafunga, nikafungua. Likanyamaza kama mtu aliyedaiwa.

Kumbe boila halianzi na gesi, laanza na maji. Maji yakipita kwa nguvu ya kutosha yasukuma kitu ndani, kile kitu chaamsha cheche, cheche yaita gesi. Maji yakiwa dhaifu, hakuna kinachoamka. Mkwe akaniuliza, "Baba, presha yenu ni baa ngapi?" Nikamwambia, mwanangu, hii ni Lamu, na mimi sitaki baa mtaani wala baa nyumbani kwangu, hata robo. Akacheka mpaka akakohoa. Kumbe baa yake ni kipimo: tangi likiwa juu mita 10, hiyo ni kama baa moja. Langu lilikuwa juu ya shawa kwa mita moja, yaani sehemu ya kumi ya baa. Kwa boila lile, hayo si maji, ni jasho.

Tukajenga kilingo cha boriti za mikoko juu ya paa, tangi likapanda mpaka mita tatu na zaidi kidogo. Boila likaridhika, majirani hawakuridhika. Mtu akisimama pale anaona viwanda, yaani nyua za ndani, vya nyumba tatu, na nyumba za mui huu zilijengwa kwa kuta nene hivi ili jirani asione kitu. Sasa kila fundi akipanda lazima apige ukelele, "Hodi juuuu!" wanawake wajifunike. Ikapita wiki moja ya "hodi juuuu". Jirani yangu wa kushoto mpaka leo anaitikia salamu yangu nusu.

Basi likaanza kulia "tik tik tik tik". Cheche ipo, moto hakuna. Kwenye kijioo chake likaandika E1. Nikamwita mjukuu, yuko darasa la nne. Akasoma, "Ei, moja." Nikamwambia najua ni ei, mimi pia nimesema ei. Tukafungua kitabu: kwa hili letu, E1 maana yake moto umejaribiwa na haukuwaka. Asante sana. Nimesimama uchi, nina povu hadi masikioni, halafu linaniandikia barua kunijulisha kwamba moto haukuwaka.

Sababu za hiyo E1 nimezikusanya mwenyewe, ningeweza kufungua chuo. Siku ya kwanza mtungi ulikuwa mpya, na mpira wa gesi ulijaa hewa. Unajaribu mara tatu nne mpaka hewa itoke. Siku ya pili Mama Watoto alikuwa amefunga koki ya mtungi usiku, na kwa hilo simlaumu, hata mimi hulala vizuri zaidi ikifungwa. Siku ya tatu mtungi wa kilo 13 ulikuwa umekwisha, na hamali wa mkokoteni alikuwa amekwenda arusini Matondoni. Siku ya nne halikulia hata tik. Nikafungua kijumba cha betri, yale mawe mawili makubwa, nikakuta pengo. Mjukuu ameyatia kwenye tochi, amekwenda kutafuta kaa.

Siku ya tano tukasikia harufu. Gesi yenyewe haina harufu, ile ya kuoza hutiwa makusudi ili pua ikuamshe. Fundi akainama kwenye maungio ya mpira, akatoa kiberiti. "Nataka kuona inapovuja." Wallahi miaka 61 yangu yote ilipita mbele ya macho, hata mwaka wa mbuzi. Nilimrukia nikakishika kile kiberiti kama kipa wa timu ya taifa. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, haipandi ikaondoka, yatambaa chini na kulala sakafuni kama paka wa Lamu, yasubiri cheche. Mama Watoto, ambaye hajasomea ufundi wowote, akaleta povu la sabuni ya kufulia, akalipaka kwenye maungio. Pale panapotoa mapovu ndipo. Kibano kilikuwa kimelegea. Bisibisi, nusu dakika, kwisha. Fundi akasema alikuwa anamjaribu tu.

Baada ya hapo tukaoga. Nakiri, wiki mbili tulioga kama masultani. Kusi linavuma huko nje, mimi niko ndani natoa mvuke kama biriani. Moto wa boila ulikuwa wa manjano, mrefu, unacheza, mzuri kama mwenge wa harusi. Mara nyingine uliwaka ukazimika baada ya sekunde chache. Fundi akasema kuna kijiti kinachoonja moto: kisipouonja, boila ladhani moto haupo, lafunga gesi. Chetu kilikuwa kimejaa masizi, hakionji kitu. Akakisugua na msasa laini, likawaka. Siku nne, masizi tena. Hakuna aliyeuliza masizi yatoka wapi kwenye gesi isiyo na moshi.

Kisha vikaanza vichwa. Mimi nikitoka kuoga kichwa chanipiga kama ngoma ya maulidi. Mama Watoto akitoka ana kizunguzungu na kichefuchefu; kwa umri wetu, mtaa ukaanza kumtazama tumbo. Mjukuu alikaa chini mlangoni akasema miguu imekuwa ya mtu mwingine.

Uamuzi ulipitishwa na shangazi zangu wote kwa kauli moja: jini wa chooni. Tumemletea moto nyumbani kwake, amekasirika. Mama Watoto akaongeza ushahidi, kwamba jini huyu hamgusi anayeoga maji baridi, ila wa maji moto tu. Likaandikwa kombe, aya kwenye sahani zikaoshwa kwa maji, tukanywa. Ukafukizwa ubani mle chooni, mlango na dirisha vimefungwa, ili atoke. Sijui angetokea wapi. Vichwa vikazidi.

Usiku binti yangu akapiga simu, mamake akamsimulia habari za jini. Nikasikia simu inanyakuliwa, mkwe anapiga kelele, kijana ambaye hajawahi kuniinulia sauti: "Baba! Lizimeni! Fungueni kila dirisha! Tokeni nje!" Tukatoka mpaka darini, kule juu kwenye hewa, na mashuka yetu. Akaeleza huku anahema. Moto wa manjano ni moto usiopata hewa au uliopewa gesi kupita kiasi, na huo hutoa kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu. Inaishika damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoishika, kwa hiyo unavuta pumzi zako vizuri kabisa na mwili unakosa hewa. Unapata kichwa, kichefuchefu, usingizi. Wengine hawaamki kutoka usingizi huo. Akatuambia tukapimwe hospitali asubuhi, tukaenda. Nilisikia baridi mgongoni ambayo si ya kusi.

Akaomba picha ya kibandiko cha ubavuni. Nikampelekea. Akanyamaza muda mrefu sana. Ni kimya cha mtu aliyegundua amemtumia baba mkwe wake nini. Boila lile lilitengenezwa kwa gesi ya bomba, ile inayopita chini ya barabara zao. Yetu ya mtungi ina nguvu zaidi ya mara mbili kwa ujazo uleule, na presha yake si ileile. Yahitaji nozeli zake, vitundu vidogo zaidi. Sisi tulikuwa tunamnywesha mtoto supu ya pweza kwenye chuchu iliyotobolewa kwa ajili ya uji.

Na huko kwao, akasema kwa sauti ndogo, mtu hafanyi kazi ya vyombo vya gesi kwenye nyumba za watu mpaka awe kwenye orodha ya Gas Safe, ni sheria, ana kadi yenye picha yake. Nikamwuliza fundi wetu kama naye ana kadi. Akatoa. Ya klabu ya mpira.

Akaja mtaalamu wa gesi kutoka Malindi, kijana mpole mwenye saa ya kupimia presha. Akabadilisha nozeli, akaweka regyuleta inayofaa, akalihamishia boila kiwandani, kwenye hewa, na bomba la kweli la moshi. Moto ukawa buluu, mfupi, hauna makuu. Mkwe akatuma na king'ora kinachonusa ile gesi isiyonusika. Jini hajarudi.

Ila sasa tukapata kusi. Upepo washuka kiwandani, wazungukazunguka, puu, wazima moto. E1. Fundi wa mbuzi akapita, akatazama, akatoa shauri: tulijengee kibanda cha makuti. Makuti! Juu ya moto! Nikamwomba arudi kwenye injini za boti. Chumvi ya maji yetu nayo ikaziba shawa, tukailaza kwenye siki usiku kucha, hilo si jambo la kusimulia. Basi kuanzia Julai hadi kusi lilipokwisha, kuoga kwangu kulikuwa nusu moto, nusu E1.

Juzi, Januari, saa nane mchana, jua limesimama utosini, kaskazi, jasho linanitoka hata kwenye kucha. Simu ikalia. Mkwe.

"Baba, boila langu limekufa. Nje kuna barafu. Watoto wamevaa makoti ndani ya nyumba, na fundi anakuja baada ya siku nne."

Subhanallah. Nikakaa vizuri kwenye kiti. "Mwanangu, betri umeangalia?"

"Baba, haya ya kwetu hayana betri."

"Linafanya sauti gani?"

"Kama mtu anasukutua maji kooni."

"Basi maji yana shida, boila ni maji kwanza. Yanaingia?"

"Yanaingia." Kimya. "Baba! Yanatoka! Yale maji machafu yake yanatoka kwa kibomba kilicho nje. Kitakuwa kimeganda!"

"Tafuta birika."

"La choo?"

"La chai, mwanangu! Maji ya vuguvugu, yasichemke, ukimwagie kibomba."

Nikamsikia anatoka nje, anateleza, anataja jina la Mola, anamwaga. Akarudi, akabonyeza. Kutoka Leicester mpaka Langoni nikasikia "vuuup", na wajukuu zangu wakashangilia kama timu imefunga bao. Mkwe akaniita fundi. Mbele ya mke wake.

Nikaenda kuoga nikiwa na kichwa kikubwa kama tangi, nataka maji ya baridi tu, nijipoze. Nikafungua shawa. Tangi jeusi, kule juu ya paa, juani tangu alfajiri: maji yakanichoma bega. Na kwa kuwa mpini sikuugeuza mpaka mwisho, nikasikia kutoka kiwandani, tik, vuup. Likawaka mara moja. Buluu safi. Bila E1.

Nikajifunga taulo, nikatoka na povu langu mpaka sebuleni, mbele ya wanawake wanne waliokuja kuliona boila. Nikawaambia "hodi juuuu", wakajifunika. Nikanyoosha mkono zidakani, nikachukua kata yangu.