Neptuni: baridi sio tatizo kubwa kama watu wanavyodhani

Mjadala wa uhai nje ya dunia ukifika kwenye sayari za mwisho kule, hakosi mtu wa kusema Neptuni achana nayo, iko kilomita bilioni 4.5 kutoka kwenye jua, nyuzi 200 chini ya sifuri, hapo hakuna kitu, turudi Mirihi. Inawezekana kweli hakuna kitu, ila hiyo sababu ya baridi mi siikubali.

Baridi hiyo ni ya juu tu, kwenye mawingu. Neptuni haina ardhi ya kukanyaga, anga yake ni haidrojeni, heliamu na methani, gesi inayozidi kuwa nzito kadiri unavyoshuka, na joto nalo linapanda mpaka ndani kabisa ni maelfu ya nyuzi. Sasa ukitoka -200 kwenda maelfu lazima upite katikati, yaani kuna tabaka huko lina joto kama la Arusha asubuhi. Makadirio yanaiweka nyuzi sifuri kwenye presha ya kama mara 50 ya hii yetu. Inatisha kuisikia, lakini ndo presha ya baharini kina cha nusu kilomita, na kuna nyangumi wanapita hapo wakienda kuwinda.

Joto lenyewe linatoka wapi? Hapa naomba watu watulie kidogo. Neptuni iko mbali na jua mara 30 kuliko sisi, kwa hiyo mwanga unaoifikia ni kama sehemu 1 kwa 900 ya wetu, lakini chombo cha anga cha Voyager 2 kilipopita 1989 vipimo vikaonyesha sayari inatoa joto kama mara 2.6 ya lile inalopokea. Mara 2.6! Yaani zaidi ya nusu ya joto lake ni la kwake mwenyewe, limebaki tangu ilipojikusanya na mpaka leo halijaisha. Na kuishi bila jua sio ndoto, tangu 1977 tunajua kuna viumbe karibu na visiwa vya Galapagos, bahari ya Pasifiki, chini kabisa baharini gizani, wanategemea kemikali za chemchemi za moto. Haidrojeni nayo haiui, 2020 watafiti waliotesha bakteria na hamira kwenye haidrojeni tupu, wakakua.

Wanaopinga wana hoja nzito kuliko baridi, shida hawaitumii. Joto hilohilo la ndani ndo linalokoroga gesi juu chini muda wote, na upepo wa kule unapita kilomita 2,000 kwa saa, kwa hiyo kiumbe akikaa vizuri kwenye tabaka lake atavutwa chini aungue. Wanasayansi wa anga Carl Sagan na Edwin Salpeter walilipigia hesabu hili kwa Mshtarii 1976, wakaona kiumbe angeweza kudumu kama angezaa kabla hajazama. Sawa, huko ni kudumu. Uhai wenyewe ungeanzaje, bila mwamba wala dimbwi la kukusanyia malighafi? Hapo nakiri nakwama, na ndo maana sisemi uhai upo, nasema mlango haujafungwa na baridi.

Kupima inabidi kushuka. Chombo kilichodondoshwa Mshtarii 1995 kilidumu kama saa moja, kikafika presha ya mara 22. Neptuni tungetaka kifike 50, na mpaka leo hakuna hata kimoja kilichowahi kudondoshwa kule.