Nilidhani nitakula pilau kila Jumamosi

Jamani mie nilidhani nikishapata leseni ya kufungisha ndoa kutoka RITA, wale wakala wa serikali wa usajili, ndo basi tena, kila Jumamosi mezani kwa wakubwa na pilau. Kanisa letu dogo, mabati na viti vya plastiki, zamani waumini wetu wakitaka kuoana tunawaazimia mchungaji wa kanisa jingine, aibu tupu. Ilipotoka nikaiweka ndani ya Biblia, wiki nzima natembea nayo.

Kumbe nimejinunulia kesi. Kaja dogo mmoja Jumatano, "baba mchungaji tunataka ndoa Jumamosi hii". Namwambia mwanangu, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka notisi ya siku 21, mwenye pingamizi apate nafasi ya kusema. Eti "pingamizi la nini baba, ukumbi tushalipia na mama mkwe keshapanda basi Kigoma". Sasa basi la Kigoma na mie wapi na wapi? Nikikataa mtaa mzima mchungaji ana roho mbaya.

Mwingine kaishi na mwenzie miaka minne, watoto wawili, ananifundisha sheria, eti ukikaa miaka 2 tayari ni mume na mke. Nikamwambia hiyo ni dhana tu, akitokea mwenye ushahidi tofauti inaanguka, na kama ushaoa, kwangu umefata nini? "Picha, baba."

Haya, siku yenyewe sasa, ibada saa sita, bi harusi yuko saluni mpaka saa tisa. Cheti kinataka mashahidi wawili wasaini, mmoja kaenda kutafuta chaja. Mpiga picha nae ananigusa bega, "mchungaji rudia pale kwenye pete, taa ilizima". Nirudie?! Niwafungishe mara mbili kwa ajili ya taa?

Na kinachoniuma ni hiki, MC kalipwa, mpambaji kalipwa, wapiga matarumbeta wamelipwa, na bila saini yangu wote hao ni watu waliopendeza tu mchana wa jua kali. Mie nikapewa soda ya moto na bahasha. Nikaificha vizuri mfuko wa ndani, sijaifungua mpaka nyumbani mbele ya mama watoto, maana alishaanza kuulizia gesi.

Kadi ya mchango. Sendoff ya mdogo wake bi harusi, mwezi ujao, na jina langu washaliandika kabisa, "Mchungaji na Mama, double".